Kufuata na Kufuatwa

Ukiniuliza lami ya barabara ile ilitugharimu nini nyumbani kwetu, nitakutajia bila kushika kalamu: sebule nzima, mparachichi mmoja uliokuwa ndiyo kwanza unaanza kuzaa, na mama yangu kutosemezana na baba yangu mdogo kwa mavuno mawili. Nimehesabu, nikarudia kuhesabu. Faida nayo ilikuwepo, sikatai, nitaifikia. Mfanyabiashara anayetaja hasara peke yake ni mwongo sawa na yule anayetaja faida peke yake.

Yamenirudia haya juzi, mafundi walipokuwa wakiziba mashimo mbele ya duka langu. Walichemsha lami kwenye pipa, moshi ukaingia hadi kwenye magunia ya maharage. Wateja wakakunja pua. Mimi nikasimama mlangoni nikaivuta ile harufu kama mtu anayevuta harufu ya pilau la jirani: si lake, lakini anajua kila kilichotiwa.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Sumbawanga mnaikumbuka stendi ilipokuwa bado katikati ya mji, imebanana na soko, basi likirudi nyuma lazima mtu mmoja ahamishe nyanya zake. Pale ndipo mama alipouza uji wa ulezi. Sisi tulipanga vyumba viwili nyuma ya maduka, karibu kiasi kwamba mama alitoka na sufuria kichwani na kufika kabla mvuke haujakata. Abiria waliotoka bondeni, vijiji vya Milepa na Kaoze, walipanda mlima wakiwa na vishati vyepesi vya joto la kwao, wakifika huku juu upepo umeshawang'ata masikio. Kikombe cha kwanza walikunywa kwa ajili ya tumbo, cha pili kwa ajili ya vidole. Mteja akisema, "Mama, punguza basi," mama humjibu, "Nikupunguzie bei au nikupunguzie uji?" Sijapata kumsikia mtu akichagua.

Kisha likaja tangazo kwamba stendi itahamishiwa nje, kwenye barabara kuu, ili mji upumue. Watu wa sokoni walilalamika siku chache, halafu kila mmoja akaanza kuulizia shamba la barabarani kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia mchumba.

Aliyelileta jambo hili nyumbani kwetu ni baba mdogo, mdogo wake baba, mkulima wa plau na mpenda methali za kujitungia. Alikaa kwenye kigoda, akapewa uji bila malipo, akasema:

"Shemeji, mji ni kama ng'ombe wa plau. Hauendi unakotaka wenyewe, unakwenda unakovutwa. Na kamba ya mji ni stendi."

"Kwa hiyo?" mama akauliza.

"Kwa hiyo mtu mwenye akili anakwenda kukaa mbele ya ng'ombe."

"Mtu mwenye akili hakai mbele ya ng'ombe, shemeji. Anakanyagwa." Lakini nilimwona ameacha kukoroga.

Marehemu babu aliacha shamba nje ya mji, likianzia barabara kuu na kuteremka hadi kijito. Baba alirithi sehemu ya chini, yenye udongo mweusi unaonata kwenye jembe. Baba mdogo alirithi sehemu ya juu, ya barabarani, nyekundu, yenye kokoto. Kwa miaka yote baba mdogo ndiye aliyehurumiwa. Siku ile mama akamwambia wabadilishane.

"Hilo la kokoto utalima nini, shemeji?"

"Nitalima abiria."

Baba mdogo alicheka, akakubali haraka mno. Mama naye alifurahi kwamba amekubali haraka. Kila mmoja aliondoka akimhurumia mwenzake, na hiyo ndiyo dalili ya biashara nzuri, au ya watu wawili wasiojua wanachouza.

Baba yangu alikuwa fundi uashi, mtu wa maneno machache. Kwake tofali lilitosha kuwa sentensi. Alitaka nyumba irudi nyuma kidogo, uwe na uwanja wa kuanikia. Mama akakataa. Alitaka mlango uwe karibu na gari kiasi kwamba konda akipiga kelele, uji utikisike kwenye sufuria. Baba akajenga alivyoambiwa: sebule mbele, imetazama barabara, nyuma yake korido, kisha vyumba viwili na jiko la uani. Kando ya sebule akapanda mparachichi. Na baba mdogo, kwa furaha ya sisi kuhamia pale, akaleta zawadi ya jiko: jiwe la pembe nne, zuri, lililonyooka, la kukamilisha mafiga matatu. Mawili tulikuwa tumeyaokota kijitoni, nayo yaliyumba.

Hatukuwa peke yetu. Kila aliyekuwa na pua alinusa kilekile. Nyumba zilijipanga kando ya barabara moja baada ya nyingine, zote zimetazama mbele kama watu walio kwenye foleni, na nyuma yake mahindi na ulezi vikaendelea kama kawaida. Mji wetu ulirefuka bila kunenepa. Ukisimama barabarani ungedhani uko mjini. Ukizunguka uani, umerudi shamba. Watu wa mipango miji, nasikia, walikuwa na ramani yao ofisini. Sisi hatukuiona, wala hatukwenda kuiomba. Na ile stendi iliyotutoa mjini ilikuwa bado ni majani na mbuzi wa watu.

Mimi kama mtoto, hasara ya kuhama niliielewa kwanza kwa miguu yangu. Shule ilibaki mjini. Bomba lilibaki mjini. Zahanati, soko, kanisa, mashine ya kusaga, vyote vilibaki mjini. Tulihama tukiamini mji unatufuata nyuma, kumbe mji umekaa palepale, tuliohama ni sisi. Asubuhi baba alinipakia kwenye keria ya baiskeli, ukungu ukitulowesha nyusi, na jioni nilirudi kwa miguu nikifuata ukingo wa barabara, kila lori likinipaka vumbi jekundu hadi kwenye kope. Maji tuliyokuwa tukiyapata bombani kwa salamu tu, sasa yalikuja kwenye madumu kwa baiskeli, na mwenye baiskeli hakupokea salamu. Mama alipiga hesabu ya maji, ya kuni, ya nauli ya unga, akaipiga tena kutoka mwisho kwenda mwanzo kana kwamba jibu lingebadilika. Lakini mabasi yalikuwa yakisimama. Barabara ya vumbi ilikuwa mbaya sana, na ubaya wake ulikuwa mtaji wetu: dereva aliyetikiswa tangu alfajiri akiona moshi wa jiko, mguu wake wenyewe unakwenda kwenye breki.

Halafu tukasikia lami inakuja. Watu wakashangilia, mama akiwa wa mbele. Wiki ileile akaja afisa mmoja mwenye kofia ngumu, na wenzake wawili wenye tepu ndefu. Akapima, akainama, akaandika, kisha akachovya brashi kwenye rangi nyekundu na kuchora alama ya X kwenye ukuta wa sebule, chini kidogo ya dirisha.

Nilikuwa darasa la tatu, na X niliijua vizuri kuliko yeye. X maana yake umekosea. Niliudhika kwa niaba ya baba, maana ukuta ule ulikuwa umenyooka.

"Nyumba hii iko ndani ya hifadhi," afisa akasema.

"Ndani ya nini?" mama akauliza.

"Hifadhi, mama. Hifadhi ya barabara."

Mama alilisikia neno la mwisho. Mimi nililisikia la kwanza. Mtoto wa kwetu ukimtajia hifadhi anaijua moja tu, nayo ni Katavi, huko kaskazini, ambako mwalimu alitusimulia kwamba viboko hulala wamebebana kwenye tope kama viazi kwenye gunia, na tembo hupita popote wanapotaka kwa sababu pale ni kwao. Mwalimu alikuwa ameeleza vizuri kabisa: ndani ya hifadhi mtu haruhusiwi kujenga, maana wenye eneo ni wanyama. Kila kitu kikakaa mahali pake. Tulikuwa tumejenga kwa watu, na wenyewe walikuwa njiani.

Nilimfuata yule afisa hadi kwenye gari.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Watakuja lini?"

"Wakimaliza upande wa kule."

"Ni wakubwa?"

"Wakubwa sana. Ukisikia ardhi inatetemeka, ujue wamefika. Na wewe usisogee karibu, umesikia?"

"Wanakunywa sana?"

Akacheka. "Hao? Pipa zima kwa siku, na hawajashiba."

Nilirudi ndani nikayatazama madumu yetu, nikaona hatutaweza.

Lakini mtoto wa mama muuza uji haoni tatizo bila kuona na soko lake. Kesho yake shuleni niliwatangazia wenzangu kwamba tembo watapita mbele ya nyumba yetu, na kwamba dirisha la sebule lina nafasi chache. Nafasi ya nyuma, gao la karanga. Ya katikati, karanga na kipande cha muwa. Ya mbele kabisa aliichukua Yustina, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, kwa hindi zima la kuchoma lililokuwa bado la moto. Aliomba nimpunguzie. Nikamuuliza kama anataka nimpunguzie bei au nimpunguzie tembo.

Huku nyumbani hakuna aliyekuwa akicheka. Niliona baba akisimama mbele ya ile X jioni, akiipitisha kidole pembeni bila kuigusa. Siku chache baadaye yule afisa akarudi kuamua nyumba moja moja, na kwa kuwa kwetu ndiko kulikokuwa na uji, majirani wakajikusanya uani petu. Baba mdogo naye alikuja, kutupa nguvu.

Afisa akaeleza sheria yake kwa ufupi. Waliofuatwa na barabara watalipwa fidia. Walioifuata barabara hawatalipwa, wavunje wenyewe.

Sasa, wiki ile shuleni tulikuwa tunasoma kauli ya kutendwa. Piga, pigwa. Lima, limwa. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Fuata, fuatwa!" Baba akanikata jicho. Darasani ile w ilikuwa herufi ndogo tu ya kuchomeka. Uani petu siku ile niliiona imebeba nyumba mgongoni.

"Haya, mama," afisa akasema. "Nyie mliifuata au mlifuatwa?"

Mama akafuta mikono kwenye kanga. "Hili ni shamba la marehemu baba mkwe. Alilima hapa barabara ikiwa njia ya ng'ombe. Unaziona ntumba zile?" Akanyoosha mkono kwenye matuta ya mviringo tunayofukia majani ili yaoze kabla ya kupanda. "Kazianza yeye. Tumefuatwa."

"Tuta halina tarehe, mama."

"Na barabara ina tarehe?"

"Ina."

"Imeandikwa wapi? Mbona mimi naipita kila siku sijaisoma?"

Majirani wakacheka. Afisa naye akatabasamu, lakini kalamu haikusogea.

"Tuliache shamba. Nyumba je? Nyumba imejengwa juzi."

"Nyumba ilifuata stendi, haikufuata barabara."

"Stendi haijajengwa."

"Ndiyo maana nakwambia tuliwahi. Sasa mtu aliyewahi, mwanangu, amemfuata nani?"

Jirani mmoja akapiga makofi. Afisa akakuna shingo chini ya kofia. Mama alipoona ameyumba, akatoa karata yake ya mwisho, ile aliyokuwa ameiweka tangu asubuhi.

"Na tena, huo mpaka wenyewe uko wapi? Tulipokuja hapa hatukuona bikoni, hatukuona jiwe. Tungeona jiwe tungerudi nyuma, sisi si vipofu. Keti kwanza, unywe uji, uniambie jiwe liko wapi."

Afisa akaketi karibu na jiko. Akapuliza, akanywa, akapuliza tena. Na kama mtu yeyote anayekunywa kitu cha moto, macho yake yakawa hayana kazi, yakazunguka, yakateremka kwenye sufuria, yakateremka chini ya sufuria.

"Mama," akasema taratibu, "hilo figa la tatu mlilitoa wapi?"

Mafiga mawili yalikuwa meusi, ya mviringo, ya kijitoni. La tatu lilikuwa la zege, la pembe nne, upande mmoja umeungua na upande wa pili una chokaa nyeupe na herufi zilizochimbwa. Nilikuwa nimepikiwa juu yake tangu tuhamie. Mama alilitazama kama mtu anayemwona mgeni mezani akila bila kukaribishwa. Kisha akageuza shingo yote.

"Shemeji."

Baba mdogo alikuwa tayari ameinuka nusu. "Mimi niliona jiwe zuri tu! Plau lilinasa pale, ng'ombe wakagoma, nikalichimbua. Nikasema shemeji ana jiko linaloyumba."

"Ulilichimbua wapi hasa?" afisa akauliza.

Baba mdogo akaonyesha kwa kidevu. Hakuonyesha barabarani, wala sebuleni. Alionyesha katikati ya nyumba. "Pale. Ilipo korido. Kabla hawajajenga."

Uji ukachemka ukamwagika motoni na hakuna aliyeinama kuutoa. Afisa akamaliza kikombe chake, akakiweka magotini kwa adabu.

"Uji ni mzuri," akasema. "Lakini umepikwa juu ya mpaka wa serikali."

Hukumu yake ilikuwa hivi: shamba lilifuatwa, nyumba imefuata. Kwa hiyo kilichoota kitalipwa, kilichojengwa hakitalipwa. Mparachichi ulikuwa umeota.

"Yaani mti ulipwe, watu wasilipwe?" mama akasema. "Basi tungejenga juu ya matawi."

Hapo mtu mwingine angelia au angetukana. Mama yangu aliligeukia tena lile figa, na mimi niliyekuwa nikimjua kwenye biashara nikajua anahesabu mara ya pili.

"Sikiliza, mwanangu. Umesema jiwe ndilo mpaka?"

"Ndilo."

"Na jiwe lilikuwa koridoni?"

"Shahidi ndiye huyu."

"Basi mbona X yako inavunja nyumba nzima? Kama jiwe limenihukumu, na linitetee pia. Mbele ya jiwe chukua. Nyuma ya jiwe ni kwangu. Na tutakata wenyewe, kila tofali letu na kila bati letu, tukishavuna ulezi."

Afisa akamtazama baba. "Nyumba inaweza kukatwa isianguke?"

Baba akalitoa neno lake la siku. "Naweza."

Wakapima upya. Ile X ikapigwa maji ya chokaa, na mstari mwembamba mwekundu ukachorwa pembeni mwa nyumba, kutoka paa hadi msingi. Baba mdogo alitaka kusaidia kushika tepu. Mama akampokonya akashika mwenyewe, na tangu dakika ile hakumsemesha.

Ulezi ulivunwa, ukapurwa, ukawekwa ghalani. Halafu baba akaanza na patasi. Hakutumia nyundo kubwa. Alitoa tofali moja moja, akiligonga pembeni, akilipangusa, akilipanga uani. Wapita njia walidhani anajenga. Sebule ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa, na ilipokatwa, ukuta wa korido uliokuwa wa ndani ukawa wa nje: ndoano ya kutundikia koti, alama za penseli za urefu wangu, vyote vikawa vinaitazama barabara. Niliona aibu kama mtu aliyetolewa nje na nguo za kulalia.

Jumamosi moja wateja wangu wa shuleni walifika kudai nafasi zao. Dirisha halikuwepo. Kabla sijatunga uongo, ardhi ikatetemeka. Mashine za njano zilikuja zimepangana, zikinguruma, greda mbele, na nyuma yake ile ya mkono mrefu watu wanayoiita kijiko.

"Hao ndio tembo?" Yustina akauliza.

"Hao ndio."

"Hawana mkonga."

"Yule wa nyuma anao."

Yustina alikitazama kijiko kikiinua mkono, kikiupinda, kikiushusha kwenye udongo na kutoka na mdomo umejaa. Akafikiri. Kisha akasogea mbele kabisa, mahali pa mtu aliyelipia, akaketi kwenye tofali. Hakudai hindi lake.

Mimi sikuketi. Kijiko kilikwenda kwenye mparachichi. Hakikuukata, kiliuegemea tu, na mizizi ikatoka ikiwa na udongo mwekundu unaodondoka. Ulikuwa na matunda mabichi, madogo, magumu kama mawe ya kombeo. Mama akaenda katikati ya watu wa mashine bila kuomba ruhusa, akayachuma yote, akaja kuyafukia kwenye pumba ili yaive. Hayakuiva. Yalikunjamana yakawa kama masikio ya wazee, na mama aliendelea kuyabonyeza kwa kidole gumba kila asubuhi muda mrefu baada ya sisi wengine kujua.

Ndipo ikaja harufu. Lami ya moto juu ya kokoto, ikichanganyika na baridi ya asubuhi; kwetu ilikaa kwenye blanketi, kwenye unga, kwenye nywele. Niliipenda. Barabara ilipokauka tulilala juu yake kwa tumbo kuvuna joto lake, hadi tulipofukuzwa. Ilikuwa nyeusi na laini na nilidhani shida zote zimeisha.

Lakini basi kwenye lami si basi la kwenye vumbi. Zamani lilipita likiomba radhi kwa kila shimo. Sasa lilipita likipiga honi tu, vioo vimefungwa. Abiria waliokuwa wakilazimika kulala mjini kwetu sasa walikunywa chai yao Mbeya. Stendi mpya nayo ikafunguliwa mwishowe, mbele zaidi ya kwetu, kwa hiyo gari lilipofika mlangoni petu lilikuwa limeshanusa mwisho wa safari na halikusimamishika. Uji ulibaki. Tulikunywa asubuhi, tukanywa mchana. Mama alikaa mbele ya ukuta wenye alama za urefu wangu, akiyatazama mabasi kama mtu anayetazama wadeni wakipita upande wa pili wa barabara.

Kilichotuokoa kilitoka nyuma. Kule chini, kwenye udongo mweusi tuliouachia, wapimaji walikuwa wamefika na vigingi vyao. Kwa mara ya kwanza watu walipimiwa viwanja kabla ya kujenga: hapa mtaa, hapa shule, hapa bomba litapita. Baba mdogo, aliyehurumiwa, akawa mtu wa viwanja. Mafundi wakamiminika, na mafundi wana njaa kuliko abiria. Mama alipoyaona matofali yakishushwa kule, akamwita baba, akamwonyesha ukuta wa nyuma. Baba akatoboa mlango. Ule wa barabarani akauziba. Nyumba yetu ikageuka: uani pakawa mbele, na barabara iliyotutoa mjini tukaipa kisogo.

Siku moja baba mdogo akatokea kwenye mlango mpya akiwa na kundi la wajenzi wenye saruji hadi kwenye nyusi.

"Shemeji, nimekuletea wanywaji."

Mavuno mawili yalikuwa yamepita. Mama akaendelea kukoroga. Kisha, bila kuinua uso: "Umewaleta, au wamekufuata?"

"Wamenifuata."

"Basi wao walipe. Wewe kaa."

Nimekuwa mtu mzima na biashara yangu, na nimeuona mji ukifanya vilevile kila upande uliopewa lami. Nikiulizwa siri yake, sina nadharia, nina jiko letu. Mpango wa ardhi ukichelewa, barabara hupanga yenyewe, na barabara inajua kupanga kitu kimoja tu: mstari. Ukihamisha stendi bila kuhamisha shule, umewahamisha wazazi ukaacha watoto njiani. Ukipima viwanja kabla ya matofali kufika, hata muuza uji anapata mtaa. Hayo nimeyalipia, kwa hiyo nayasema bila kusitasita.

Sasa limekuja jingine. Kwenye ukuta wa ofisi ya kata wamebandika rasimu ya mpango mpya, na safari hii nimekwenda kuisoma, nikarudi kuisoma tena. Barabara ya mchepuko ya malori itapita nyuma ya nyumba za barabarani, yaani mbele ya mlango wa mama. Hakuna ubishi wala jiwe la kutafuta: safari hii tumefuatwa, fidia ipo. Nilimpelekea habari nikidhani atafurahi. Alisikiliza akisugua magoti, akauliza, "Na watoto wa kule chini watavukia wapi kwenda shule?" Hilo halimo kwenye rasimu, nami nitaliandika kwenye maoni.

Kinachonishinda ni mama mwenyewe. Mimi nataka yeye na baba waje kukaa nami mjini, juu ya duka, bomba liko mlangoni, kanisa wanafika kwa miguu. Ila baba mdogo ameshaniwahi. Amemwambia kuna shamba zuri upande wa Kaengesa, pale malori yatakapokuwa yanachepukia, na mama, kwa umri ule, amenitumia ujumbe nimtafutie sufuria kubwa zaidi. Baba naye nimemkuta ananoa patasi.

Nimeshakaa na wauzaji wagumu wa nchi hii, na wengi nimewashusha. Kwa mama nafika mlangoni nasahau bei. Anataka jibu langu Jumapili baada ya misa: ninamsaidia kujenga kule, au simsaidii. Wewe uliyewahi kumhamisha mzazi kutoka kando ya barabara, au uliyejaribu ukashindwa, niambie kabla ya siku hiyo. Ulianza na neno gani?